Nyuma ya Duka, Palipokuwa Uwanja

Rafiki yangu Loretta wa Ohio alikwenda kununua maziwa kwenye duka kubwa lililojengwa palipokuwa na uwanja wa besiboli. Akaegesha nyuma, ambako hapakuwa na gari hata moja.

"Toa gari hapo, binti," alisema Verlin, mzee anayekusanya matoroli ya duka. "Mipira huangukia hapo."

"Mipira ipi? Uwanja ulibomolewa hata sijazaliwa! Au unamwekea mtu nafasi, mzee?"

Loretta hakulitoa gari, akamshuku mzee mpaka anatoka dukani na maziwa yake. Giza lilishaingia. Akasikia gongo likipiga mpira, ko! Halafu umati ukashusha pumzi gizani, na kioo cha gari kikapasuka.

Mpira ulikuwa kitini. "Verlin huyu!" akafoka, akauokota. Ulikuwa na joto la kiganja, na mate mabichi kwenye nyuzi za mshono wake, kana kwamba mrushaji ametoka kuutemea sasa hivi.