Tenga Juu ya Mshubiri

Ti! Bati la nyumba lililia.

Nanyori alifumbua macho. Kulikuwa bado giza. Bati likalia tena, ti! upande wa jikoni, kisha ti! juu ya kitanda chake kabisa, kama mtu anayenyata juu ya paa. Mwanawe Hope alijikunyata ubavuni mwake. Pua ya mtoto ilikuwa ya baridi kama kijiko.

"Wifi," Evaresta aliita kwa sauti ya chini kutoka chumba cha pili. "Umemsikia?"

"Nimesikia."

"Basi leo tena ameua."

Nanyori alimvuta Hope karibu zaidi. Kila bati lilipolia hivyo alfajiri, kulipokucha alikuta mshubiri mwingine umekufa.

Mishubiri ile, ambayo wengine huiita alovera, ilitoka kwa marehemu mama yake. Mama aliipanda uani kwao Kaloleni, mjini Arusha. Nanyori alipoolewa na Lesian alihamia huku juu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, karibu na msitu. Alikuja na machipukizi ya mama kwenye ndoo. Akayapanda bondeni nyuma ya nyumba, penye udongo laini. Kila jioni aliyamwagilia maji, kama mama alivyofanya kule kwenye joto.

Yalistawi vizuri. Kisha baridi ya katikati ya mwaka ikaja, na vifo vikaanza. Asubuhi jani lilikuwa limelegea, linapitisha mwanga, kama limechemshwa. Siku chache baadaye lilikuwa jeusi.

Tena kulikuwa na lile tenga.

Tenga kuukuu lilikuwa limefunikwa juu ya mshubiri mmoja, ule wa pembeni. Juu yake kulikuwa na nyasi kavu, na juu ya nyasi kulikuwa na jiwe. Mara ya kwanza Nanyori alilitupa nje ya ua. Kesho yake lilikuwa limerudi, na jiwe lake vilevile. Alilitupa tena. Likarudi tena. Mbwa wao, anayebweka hata akisikia jani linaanguka, hakubweka.

"Ni yule bibi wa jirani," Evaresta alikuwa amesema. Evaresta ni dada yake Lesian. Alikuja kutoka Makumira kukaa na wifi yake, kwa kuwa Lesian hufanya kazi mjini siku za wiki. "Mashineni kwa kusagia unga wanasema mume alikufa, mtoto akafa, amebaki yeye tu. Unadhani anakula nini? Jumapili baada ya ibada tunalisema mbele ya watu. Ahame."

Koko Sabina. Watu wa hapa humwita bibi "koko". Alikuwa amekuja mara moja kubisha mlangoni. Evaresta alimfukuza kabla hajafungua mdomo.

Sasa kulianza kupambazuka. Nanyori alijifunga shuka, akafungua mlango. Baridi ilimshika masikio.

Nje kila kitu kilikuwa cheupe. Nyasi nyeupe, ndoo nyeupe, kamba ya nguo nyeupe. Hakukuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na mishubiri ilisimama ndani yake kama watu waliochutama.

Mmoja wao aliinuka.

Nanyori alishika mlango. Alikuwa mtu, amejitanda shuka mpaka kichwani. Aliinama juu ya lile tenga, akalipapasa, akaweka jiwe sawa. Kisha akaondoka polepole mpaka ukungu ukammeza. Hakutoa sauti yoyote.

"Umemwona!" Evaresta alimnong'oneza kwa nyuma. "Wewe ni shahidi. Jumapili utasema wewe mwenyewe."

Hope alichungulia katikati yao. "Mama, nyasi zimezeeka."

Nanyori alitazama. Juu ya nyasi nyeupe kulikuwa na alama za miguu, za kijani. Zilitoka penye uzio, zikafika kwenye tenga, zikarudi. Hazikugusa mishubiri mingine. Akainua tenga. Chini yake mshubiri ulikuwa mzima, mgumu, wa kijani. Ile iliyokuwa wazi ilikuwa imelegea.

"Wifi," alisema, "mbona alioufunika ndio mzima?"

"Ameufunga kwa uchawi. Anautunza kwa kazi yake."

Nanyori alifikiria Jumapili. Watu wangemwuliza, umeona nini? Naye angejibu. Na neno lake lingemtoa mwanamke mzee nyumbani kwake wakati huu wa baridi.

"Sitasema nisichokijua," alisema. "Naenda kumwuliza."

"Unaenda wapi? Nanyori! Mwache basi mtoto!"

Alimwachia Hope, akafuata alama za miguu. Zilipita kwenye uzio, zikapanda kilima kidogo, zikafika kwenye nyumba ya udongo. Ndani kulisikika sauti nyembamba nyingi, kama watoto wachanga wanaolia mbali. Nanyori alitaka kurudi. Badala yake akabisha.

"Takwenya, koko," alisalimu.

Sauti ya kizee ikajibu, "Iko. Ingia, mwanangu. Funga mlango, wasitoke."

Juu ya kitanda, ndani ya blanketi, vifaranga walikuwa wakilia. Koko Sabina alikaa ukingoni, akiwazuia kwa mkono. Miguu yake ilikuwa imelowa.

"Vifaranga kitandani, koko?"

"Tenga lao liko kwako."

Nanyori alivuta kigoda. Akakaa.

"Kwa nini unakuja usiku?" aliuliza.

"Mchana mnanifukuza," alisema Koko Sabina, bila hasira. "Jioni mkishafunga mlango nafunika. Alfajiri naja kutazama kama mbwa hajalipindua. Namtupia ugali kidogo. Tumekuwa marafiki."

"Na batini, ni nani anatembea?"

Koko alicheka mpaka akakohoa. "Nani apande bati kwa magoti haya? Bati likipoa husinyaa, ndipo linalia. Usiku wenye mawingu halilii, kwa sababu wingu ni kama blanketi la shamba. Mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia, joto la ardhi linapanda lote. Ndipo sakitu inashuka, ule weupe uliouona. Miaka mingi haikufika hapa kwetu. Mwaka huu imefika."

"Sakitu ndiyo inayoua?"

"Mshubiri umejaa maji. Maji yakiganda ndani ya jani, jani linapasuka kwa ndani. Na wewe jioni unauongezea mengine."

"Mama alimwagilia hivyo kule Kaloleni."

"Mama alikuwa Kaloleni. Huku wakati wa baridi, acha udongo ukauke. Tena umepanda bondeni. Baridi ni nzito, hutelemka ikakaa chini kama maji. Panda juu, karibu na ukuta. Ukuta hunywa jua mchana, usiku unalirudisha."

"Nifunike na nailoni?"

"Nailoni ikigusa jani, jani linaganda nayo. Chukua gunia. Simika vijiti, gunia lisiguse majani, lifike mpaka chini lishike joto la ardhi. Funika kabla jua halijazama. Jua likipanda, funua."

"Na iliyolegea niing'oe?"

"Usiing'oe. Hata majani mabaya usikate sasa, yanakinga moyo. Baridi ikiisha, bonyeza katikati. Ukiwa mgumu, utachipua."

Nanyori aliinamisha kichwa. "Koko, mbona ulifunika mmoja tu?"

"Nina tenga moja tu, mwanangu."

Vifaranga walilia. Koko aliwapapasa.

"Siku ulipohamia," alisema, "ulinisalimia pale njiani, na ndoo yako mkononi. Hujui ni muda gani sikuwa nimesalimiwa."

Nanyori alivua shuka lake, akamfunika miguu.

Alipomweleza Evaresta, wifi aliendelea kukoroga uji. "Na yule bibi anakula nini?" aliuliza tena, lakini sasa kwa sauti nyingine. Akachota uji kwenye bakuli, akaufunika. Jioni alitoa magunia matupu ya mahindi stoo bila kuambiwa.

Walihamisha mishubiri midogo karibu na ukuta. Ile mikubwa waliisimikia vijiti, wakaifunika kwa magunia. Wakaacha kumwagilia. Alfajiri bati lililia, na Hope akasema, "Limepoa tu." Kulipokucha hakukuwa na mshubiri mwingine uliolegea. Jumapili walikwenda ibadani pamoja na Koko Sabina katikati yao. Watu wa mashineni waligeuka kutazama. Evaresta akawatazama wao, mpaka wakageukia mbele.

Baridi ilipoisha, Nanyori alibonyeza mioyo ya mishubiri. Baadhi ilikuwa laini, imeoza. Mingi ilikuwa migumu, na pembeni machipukizi yalitokeza.

Alipanda chipukizi moja kwenye kopo, akaliweka ndani ya lile tenga, akampelekea Koko. Vifaranga walikuwa wameshakuwa kuku, wakimkanyaga miguu mlangoni.

Koko Sabina alipokea tenga. Aliligeuza, akalitazama ndani na nje.

"Sasa baridi imekwisha," alisema. "Hakuna cha kufunika."

"Hakuna, koko."

Nanyori alipofika penye uzio, alisikia anaitwa.

"Mwanangu! Kesho njoo tena. Hata kama hakuna kitu, njoo tu."