Tangi Lililoitikia Hodi

Meli ilikuwa imefungwa gatini, bahari imetulia kama uji uliopoa, lakini maji ndani ya tangi la kutuliza meli yalikuwa yanatembea. Chwaa, kushoto. Chwaa, kulia.

"Shem, nani anaoga humo?" aliuliza fundi mkuu, bonge la mtu, mabaharia wakimwita Pipa.

"Usinichekeshe," alinong'ona msaidizi wake, ambaye pia ni kaka wa mkewe. "Na haya marashi ninayonusa yanatoka wapi?"

Pipa hakuamini vipimo. Mtindo wake ulikuwa kugonga tangi kwa ngumi, asikie maji yamefika wapi. Akagonga mara tatu. "Hodi! Mwenye nyumba upo?"

Ndani, ngumi ikajibu. Mara tatu.

Shemeji akatafuta ngazi. Pipa akacheka peke yake, akirudi nyuma hatua mbili.

Sasa, kazi ya tangi lile ni ubishi: meli ikilalia kushoto, maji yake yanakuwa kulia, yanaivuta irudi. Walipoondoka gatini na kufika kwenye mawimbi, ubishi ukaisha. Meli ikainama kushoto na maji yakaenda kushoto, ikageuka kulia nayo yakatangulia kulia, kila mlalo ukiuzidi uliopita, spana zikiruka ukutani kama popo, marashi yakikaba koo, na ndani ya chuma kile kitu kikicheka kwa sauti ya Pipa mwenyewe, kicheko kilekile cha gatini.

"Linatuzamisha!" Shemeji alikuwa amekumbatia nguzo. "Mwaga maji, Shem! Dada'ngu atabaki mjane!"

"Na wewe utabaki hai umfariji? Shika tochi!"

Pipa akajitupa chini ya tangi, akazungusha valvu. Maji yakamfumukia usoni, yakamjaa mdomoni; akameza, akakohoa, akaendelea kuzungusha hadi tangi likakauka. Meli ikajinyoosha. Akagonga. Tupu. Kimya.

"Jini limehama," alisema Shemeji, akilia na kucheka.

Nyumbani, mchana kweupe, Pipa alijinyoosha kwenye kochi akisimulia, mkewe akicheka hadi machozi.

"Na hili tangi langu je?" Mke akakiinamia kitambi. Chwaa. Akanusa. "Umejipaka marashi ya nani?"

Pipa alikuwa hajatikisika hata kidole.

"Dada, usigonge!" Shemeji alipiga kelele mlangoni.

Dada alikuwa ameshagonga kitambi. "Hodi! Mwenye nyumba upo?"

Chini ya kitovu ngozi ikainuka, umbo la ngumi. Mara tatu.

Kisha kikombe cha chai kikaanza kuteleza mezani, kuelekea kushoto.