Kidirisha Juu ya Taa Nyekundu

Mwalimu Ilaitia Naqova alikufa ameketi. Mikono yote miwili ilikuwa bado imeshika ukingo wa dirisha, kinywa kimeachama kuigombania hewa. Sakafuni, karibu na mguu wake, kilikuwapo kipulizia cha pumu. Inspekta Vasemaca Nawele alikiokota kwa glavu, akakitikisa. Kilikuwa kitupu.

"Nilipiga simu mara tatu," alisema mjane, Bibi Salote. Hakuwa analia. "Mara tatu, mwanangu. Mara mbili za kwanza inaita tu. Hakuna anayepokea."

"Ya kwanza ilikuwa saa ngapi, Bibi?"

"Saa kumi na dakika kumi na mbili. Niliitazama saa ya ukutani. Nikatoka nje kupiga ukunga, lakini mtaa mzima ulikuwa unapiga ukunga. Nani angenisikia?"

Vasemaca alijua mtaa ulikuwa unashangilia nini. Fainali ya raga ya wachezaji saba, Fiji wako Sydney, Jumamosi alasiri. Yeye mwenyewe alikuwa kituoni Nasinu, anaandika ripoti ya wizi wa jenereta, na kwenye pembe ya kompyuta yake kidirisha kidogo cha mechi kinaelea juu ya maandishi. Kijana mpya kikosini, namba kumi na mbili, Vakalala, alipofunga trai ya ushindi, Inspekta aliruka mpaka akamwaga chai. Sasa alipiga hesabu ya dakika, na uso ukamwaka moto.

Gereji ya magari ya wagonjwa ilikuwa mwendo wa dakika sita kutoka nyumba ile. Magari mawili yalikuwa yameegeshwa, yana mafuta, yana madereva.

*

Chumba cha kupokea simu za dharura kilikuwa na kiti kimoja chenye mtu siku za Jumamosi. Msimamizi, Apenisa Tuvuki, alimpokea Inspekta akiwa amevaa sulu, ile sketi ya wanaume wa Fiji, iliyonyooshwa pasi hata ungeweza kujikata nayo.

"Afande, kesi yenyewe haina kona," alisema, akatoa simu yake. "Nilipiga picha. Tazama."

Picha ilionyesha skrini ya mpokea simu: ramani ya mji, fomu iliyojazwa nusu, na chini kulia, juu ya vyote, kidirisha cha mechi. Chini ya kidirisha hicho ndipo huwaka taa nyekundu ya simu inayoingia.

"Na kengele?"

"Imezimwa. Kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa jina lake. Shaleni Prasad. Nilitoka ofisini kwangu nikamkuta ameganda kama sanamu."

"Hii picha ulipiga kabla ya kutuma gari, au baada?"

"Sikumbuki, Afande. Nilichanganyikiwa."

"Mtu aliyechanganyikiwa anapiga picha safi hivi? Wewe mechi hukuitazama?"

"Kazini?" Apenisa alitabasamu.

Tabasamu lile lilimkaa Vasemaca kooni kama mwiba wa samaki. Mtu amekufa, huyu anatabasamu.

*

Kufikia Jumatatu, Shaleni alikuwa mahabusu na mitandao ilikuwa imeshamhukumu. Walimtukana yeye, wakamtukana na kabila lake. Mkuu wa kituo alimwita Vasemaca.

"Jumatano asubuhi anafikishwa mahakamani. Kuua bila kukusudia. Unangoja nini?"

"Nangoja kuamini, mkuu."

"Kuamini ni kazi ya kanisani."

Vasemaca aliufunga mlango kwa kishindo ambacho kingemgharimu mtu wa cheo kidogo.

Shaleni alikuwa na miaka ishirini na sita, macho yamevimba. Inspekta alimsogezea maji.

"Ulikuwa unatazama mechi?"

"Madam, mimi mtu wa Ba. Kwetu ni soka. Raga hata sijui wanahesabuje."

"Usinichekeshe. Kompyuta ni yako, jina ni lako."

"Sikuwa kwenye kiti. Msimamizi aliniambia nenda kanywe chai, nitakushikia. Saa kumi kamili. Miaka mitatu hajawahi kunituma chai Jumamosi, nikasema leo Mungu amemgusa. Nikakaa nyuma ya jengo, nikala roti yangu."

"Nani alikuona?"

"Paka."

"Na kazini hujawahi kutazama video hata siku moja? Nikikukamata kwa uongo mmoja, nakuacha uoze humu."

Msichana aliinamisha kichwa. "Natazama, madam. Tamthilia. Sote tunatazama, zamu ni ndefu. Lakini kidirisha changu nakiweka juu kushoto."

"Kwa nini juu kushoto?"

"Chini kulia si kuna taa?" Alisema hivyo kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kwa nini huvaa viatu miguuni.

Vasemaca alisimama. Alimwita Koplo Viliame, fundi wa kompyuta wa kituo, wakaenda kukaa kwenye kiti chenyewe.

"Fungua video yoyote. Ifanye ielee."

Viliame alibofya. Kidirisha kiliruka kutoka kwenye ukurasa wake, kikatua chini kulia, pu, juu ya mahali pa taa.

"Umekiweka wewe hapo?"

"Hapana, Afande. Kinaangukia hapo chenyewe. Usipokiburuta, kinabaki."

Waliwaita wapokea simu wengine watatu, mmoja mmoja, nje ya masikio ya msimamizi. Swali lilikuwa moja. Wa kwanza aliapa hatazami kitu. Vasemaca alipogonga meza akakiri: juu kushoto. Wa pili, juu kushoto. Wa tatu alicheka kwa woga. "Afande, tangu mfumo mpya uletwe Februari, taa ikahamia chini. Zamani ilikuwa juu. Sasa hata ukiwa na usingizi, mkono wenyewe unakiburuta juu."

Basi aliyekaa pale Jumamosi hakuwa mtu wa kiti kile. Hakujua taa imehama. Vasemaca alijua ni nani aliyekaa ofisi ya nyuma tangu kabla ya Februari, lakini kujua si ushahidi, na wakili yeyote wa Suva angemla akiwa mbichi.

*

Jumanne alikwenda msibani. Mikeka ilikuwa imetandikwa hadi uani, wanaume wanakunywa kava, wanawake wanamenya muhogo. Kando ya jeneza yalipangwa matabua, yale meno ya nyangumi yenye kamba ambayo watu huyaleta kwa rambirambi. Saba yalikuwa pamoja. La nane lilikuwa peke yake, kubwa, jekundu kwa uzee.

"Hili mbona limetengwa, Bibi?"

Bibi Salote alilitazama. "Wengine wote walisema poleni. Huyu peke yake alisema tusameheni. Alipiga magoti mlangoni, akakataa kuingia mpaka tulipolipokea."

"Lini?"

"Jumapili asubuhi. Mzee wa Tailevu na watu wake watatu. Alisema amekuja kwa niaba ya ofisi ya simu."

"Anafanya kazi pale?"

"Mzee wa miaka themanini? Mwanawe ndiye msimamizi, Apenisa. Ila jina lake mwenyewe ni Vakalala. Mjukuu wake amelichukua, yule wa raga."

Vasemaca aliketi kwenye mkeka bila kukaribishwa. Namba kumi na mbili. Chai iliyomwagika. Akakumbuka alivyoruka.

Jino la ukoo halibebwi kwa kosa la mtu baki. Hakuna mzee Tailevu nzima ambaye angelitoa sandukuni jino la babu zake, apige magoti kwa ajili ya uzembe wa msichana wa Kihindi kutoka Ba. Linabebwa kwa damu yako. Na Jumapili asubuhi, polisi wenyewe walikuwa hawajamshuku mtu mwingine zaidi ya Shaleni.

*

"Kaa," alisema Vasemaca.

Apenisa alikaa. Leo sulu ilikuwa na mikunjo.

"Mwanao anaitwa nani?"

"Nina watoto wanne, Afande."

"Usinizungushe! Namba kumi na mbili."

Apenisa alinyoosha mkunjo wa sulu yake kwa kiganja.

"Baba yako alipeleka tabua kwa mjane. La kosa la nani?"

"La ofisi."

"Ofisi haina jino la nyangumi, Apenisa! Baba yako amepiga magoti mlangoni kwa watu, na magoti yake unayajua. Nimlete hapa nimuulize mwenyewe? Au utasema wewe?"

Apenisa alifunika uso. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

"Ilikuwa mechi yake ya kwanza. Ya kwanza, Afande. Tangu ana miaka sita nampeleka mazoezini kwa miguu. Kompyuta yangu imefungiwa video. Zao zimeachwa wazi kwa sababu ya ramani. Nikamtuma Shaleni chai. Nikawa najaza fomu zake huku natazama, kidirisha pembeni, hakisumbui kazi."

"Na kengele?"

"Ililia mara moja. Nikajua ni watoto wanachezea simu, kama kawaida ya Jumamosi. Sikusikia vizuri watangazaji walivyosema kuhusu kikosi. Nikaizima. Nikasema mpaka mapumziko tu."

"Halafu?"

"Halafu nikasahau. Mechi ilipokwisha nikafunga sauti, nikaona ukingo wa kitu chekundu. Simu ya tatu. Nikapokea, nikasikia mwanamke anaomba." Alitikisa kichwa. "Nilituma gari, nikaipiga picha skrini, na Shaleni aliporudi nikamwambia kaa. Nikaondoka kwenye kiti. Jioni nikamwambia baba."

"Ukamwacha msichana wa watu abebe."

"Nina watoto, Afande. Na kijana ameanza tu, jina lake lingechafuka." Kisha akainua macho, na ule ubishi wa kwanza ukarudi. "Nchi nzima ilikuwa inatazama! Wewe hukutazama?"

Vasemaca aliuma meno mpaka taya likauma.

"Nilitazama," alisema. "Kengele sikuizima."

*

Jumatano asubuhi Shaleni alitoka mahabusu kwa mlango wa mbele. Vasemaca alimsindikiza mpaka barabarani, akamwomba radhi kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida. Msichana alisema asante, madam, lakini hakumtazama.

Apenisa alikuwa kwenye benchi la korido, mikono ina pingu, anangoja gari la mahakamani. Bibi Salote alikuja na kanga nyeusi ya msiba mabegani na furushi mkononi. Alilifungua taratibu, akamwekea lile jino jekundu mapajani.

"Baba yako aliombea ofisi msamaha, nami nikaupokea," alisema. "Mrudishie. Akitaka, aje tena alitaje jina lako."

Apenisa alianza kulia. "Nisamehe, Bibi."

"Mwanao alifunga kipindi gani?"

"Eti?"

"Nakuuliza. Kipindi cha kwanza au cha pili?"

"Cha pili, Bibi. Dakika ya mwisho."

Mjane aligeuka kwa Vasemaca. "Na simu yangu ya kwanza?"

"Kipindi cha kwanza, Bibi," alisema Inspekta. "Dakika ya pili."

Bibi Salote alitikisa kichwa, akalikunja furushi lake tupu.

"Ungepokea," alimwambia Apenisa, "ukamwambia dereva neno moja, ukarudi kwenye mpira wako. Trai ya mwanao ungeiona."