Mzaha Wangu Ulikifunga Kinu cha Babu

Nina miaka kumi na saba, niko sekondari, senia ya tatu, hapa Jinja, naishi Kimaka kwa shangazi. Darasani mimi ndiye wa kuchekesha; hata mwalimu akinichapa huwa anaficha kicheko. Lakini haya ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, sijawahi kuyacheka...

Babu yangu alikuwa na kinu Nakaloke, karibu na Mbale. Alipotoka jeshini alinunua injini ya dizeli na mawe mawili ya kusagia, watu wakambandika jina la Afande Unga. Kinu kilimzidi baba yangu umri! Mkanda wake ulikuwa na viraka kuliko suruali yangu ya shule. Hata hivyo Waislamu wenzetu walizipita mashine mbili mpya wakaja kwake, kwa sababu waliamini usafi wake. Kila asubuhi aliyafagia yale mawe mwenyewe, akianza na Bismillahi.

Likizo iliyopita nilikaa kwake, na siku moja ya Ijumaa Babu alienda msikitini. Mimi nilisingizia kuumwa tumbo, akaniachia kinu. Mabeseni ya mahindi yalipanga foleni mpaka barabarani, nami nilikuwa na mechi ya mpira Namatala! Hawa wamama nitawatawanyaje?

"Mama zangu," nikasema nimekunja uso, "jana humu tulisaga chakula cha nguruwe. Babu kasema nisiwaambie."

Wawili walicheka. Hajati mmoja hakucheka. Aliinama, akajitwika beseni lake, akaondoka. Foleni nzima ikamfuata... Nikafunga mlango, nikaenda kucheza. Nilifunga mabao mawili, mjinga mimi!

Wiki haikuisha, hakuna mteja. Babu aliapa msikitini mbele ya watu wote kwamba habari ya nguruwe ni uongo. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakapeleka mahindi kwa wengine. Kila asubuhi aliwasha injini ili wasikie kwamba yupo, mawe yakasagana yenyewe kwa yenyewe. Kwa nini sikusema? Niliogopa!

Wiki ya tatu Babu akaanza kurudisha sahani ya chakula bila kuigusa. Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda sokoni, nikawaambia wale wamama kwamba nilidanganya. Wakacheka! Yule Hajati tu ndiye aliyenitazama kwa huruma.

"Afande amekosa haya kabisa," akasema. "Sasa anatuma mtoto amsafishe."

Nikalia mpaka kwikwi. Wakasema naigiza vizuri kweli...

Hatimaye likaja lori la wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakang'oa injini, wakaipakia. Babu alikaa kizingitini akitazama. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Kinu nilikuachia wewe peke yako."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Niwaambie mjukuu wangu ni mwongo? Kinu ni chuma tu. Wewe utaishi na watu hawa miaka mingi."

Heri angenichapa! Siku hizi Ijumaa Babu hatoki. Anaswali chumbani, mlango ameufunga. Mtu aliyeshika safu ya mbele maisha yake yote... na aliyemtoa pale ni mimi, damu yake.

Wenzangu wachekeshaji, nawasihi. Kabla hujafungua mdomo, jiulize nani atabaki na neno lako wewe ukishaenda zako mpirani. Na ukikosea, kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, wakati bado yupo wa kukuamini. Mimi nilichelewa wiki tatu tu. Tafadhali, njia hii msiipite!