Mlango wa Meli Mkombozi

Mlango mpya wa Denis ulikuwa unatoka jasho. Kilikuwa kiangazi, jua la Mpanda linapasua midomo, na chuma chochote kilichoachwa uani hakishikiki. Huu peke yake ulikuwa wa baridi na ukichuruzika maji. Fausta, mkewe, aliufuta kwa tambara, kisha akalinusa lile tambara: dizeli na samaki waliooza.

"Baba Faith, mbona huu mlango unanuka?"

"Chuma cha meli hicho. Ulitaka kinuke marashi?"

Denis alikuwa fundi wa kuchomelea pale Kashaulili, mjini Mpanda, na mafundi wa kuchomelea wana ugonjwa wao: wakiona chuma kizito, akili inawaruka. Manyanda, muuza vyuma chakavu, alimletea mlango mzima uliokatwa kwenye meli kuukuu iliyolala Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Denis hakuuliza ulikuwa wa chumba gani. Aliufunga mbele ya nyumba yake, akawatambia majirani kwamba mwizi atahitaji baruti.

Kesho yake mchana Fausta alikuwa anapepeta mchele sebuleni, binti yao mdogo, Faith, amelala mkekani. Mlango ukagongwa. "Hodi," ikasema sauti ya mwanamume, ya mtu aliyechoka sana.

"Karibuni," Fausta akajibu bila kuinua macho, maana alilelewa hivyo. Kuiacha hodi ya mtu bila jibu ni roho mbaya.

Mlango ukafunguka taratibu. Nje hapakuwa na mtu. Lakini sakafuni nyayo za maji zilianza kuingia, kwanza za mabuti, halafu za miguu mitupu, halafu ndogo ndogo za watoto, zikapita kando ya ungo, zikauzunguka mkeka aliolala Faith, na nyingine zikaendelea kuingia, na nyingine nyuma yake, mpaka nyumba nzima ikanuka ziwa.

Tangu siku hiyo Faith akawa anakohoa maji. Hospitali walimpa dawa ya kifua. Haikusaidia kitu.

Denis alimwita Manyanda. Alipouona mlango pale ulipo, Manyanda alivua kofia.

"Fundi, mimi nilijua utaukatakata! Huo ni wa chumba cha chini. Meli yenyewe, Mkombozi, ilikuwa ya kubeba askari. Iliwavusha vitani miaka na miaka, kisha ikawa inaleta wakimbizi. Safari ya mwisho kulikuwa na dhoruba, nahodha akafunga mlango wa chini kwa komeo, watu wasije wakapanda juu meli ikapinduka. Maji yakaingia huko huko chini. Meli ilifika. Wao hawakufika."

"Na ukaniuzia?"



Wakamleta Bibi Dorotea, mganga kutoka Ugalla. Hakukanyaga ndani. Alisimama uani akinusa, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani aliwaitikia?"

"Mimi, bibi."

"Mwanangu, jini la kutumwa nalifukuza. Hawa wamekaribishwa. Mlango urudi ziwani, nao watakwenda. Baada ya hapo msimwitikie mtu msiyemwona." Akawarudishia kuku waliyemletea. "Ila mtoto wameshamzoea."

Denis aliung'oa mlango, akaupeleka Karema, akautosa kwenye kina kirefu. Saa hiyo hiyo nyumba ikakauka, harufu ikakatika, na Faith akafa mapajani mwa mama yake, maji yakimtoka puani, mwili ukinuka ziwa ambalo hajawahi kuliona. Denis alirudi akishangilia, akakuta watu wanalia.

Walipotoka makaburini, waombolezaji walikaa nje. Fausta na Denis walikuwa peke yao sebuleni, mbele yao pazia limefunika pale mlango ulipokuwa. Halikutikisika.

"Hodi, mama," ikasema sauti nyembamba, inayotetemeka kwa baridi.

Denis akamziba mkewe mdomo. "Usiitikie. Nakuomba, Fausta. Nyuma yake wapo wote."

"Mama, hodi."

Machozi ya Fausta yalikuwa yanalowesha vidole vya mumewe. Alivishika, akavibandua kimoja kimoja, bila hasira.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Ingia, baba yako yupo."