Kijiti cha Kipimo Nilichomkatia Ndugu Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mchonga vinyago wa Kalama, Machakos. Nina mke, watoto na afya njema. Amani ndiyo sina... na mkimaliza kusoma mtajua kwa nini.

Marehemu baba alitufundisha kuchonga mimi na mdogo wangu Kioko. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, yeye akaachia darasa la tatu. Lakini kwa mkono alinishinda mbali. Wateja walinisalimia mimi, kisha wakamuulizia yeye. Nilicheka nao, roho ikiniuma.

Miaka ya tisini alikuja mzee mmoja wa Athi River, mstaafu wa reli. Nyumbani kwake alikuwa na treni ndogo za umeme zinazozunguka juu ya meza. Alitaka Kioko amchongee stesheni na watu arobaini. Kioko alikuwa shambani, basi akanieleza mimi.

Alisema treni hizo zina skeli. Yake iliitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara themanini na saba. Nyingine, OO, hupunguza mara sabini na sita, kwa hiyo vitu vyake ni vikubwa kidogo. Kinachopoteza watu ni kwamba zote mbili hupita kwenye reli za upana uleule. Mtu wa futi sita kwa HO ni milimita ishirini na moja. Kwa OO ni ishirini na nne.

Nilimkatia Kioko kijiti cha kupimia... nikakitia alama za OO! Nilitaka kazi ikataliwe, niitwe mimi. Sababu nyingine sina.

Alichonga miezi mitano. Mama mwenye kiondo, mzee mwenye fimbo, mkuu wa stesheni hadi vifungo vya koti. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza, na asubuhi ya kupeleka kazi nikakitupa kile kijiti motoni.

Mzee alimsimamisha mkuu wa stesheni kando ya behewa. Kichwa kikapita juu ya mlango.

"Kioko, kazi ni nzuri sana," akasema polepole, "lakini haiingiani na treni zangu."

Kioko akanitazama. Nikamwambia nilimpimia sawa, labda yeye ndiye aliyepita alama. Akaniamini.

"Pole mzee," akasema. "Macho yangu imeharibika."

Kazi nikapewa mimi. Watu wangu walitosha mlangoni, lakini nyuso hawakuwa nazo.

Kioko hakuchonga tena. Alienda kushona nguo kiwandani Athi River, na baada ya miaka mitatu kifua kikamlaza hospitalini. Nilipoenda kumwona alinishika mkono.

"Chukua tezo yangu," akaniambia. "Wewe ndio uko na macho."

Nilifungua mdomo nimwambie yote... nikasema asante. Wiki hiyohiyo tukamzika.

Wale watu arobaini wa Kioko, mwaitu, yaani mama yetu, amewapanga dirishani kwake. Nikiingia kwake, wote wananitazama. Juzi alimshika yule mama mwenye kiondo, akaniuliza, "Kwani huyu alikuwa na makosa gani?"



Wasomaji wenzangu, wivu wa ndugu si jambo la kuchezea. Kama umemdanganya wako, mwendee leo umwambie, hata kama atakuchukia. Mimi ningetoa chochote leo Kioko anichukie.