Sauti ya Bi Zakiya Kwenye Diski ya Pili

Jirani zangu wa Al Khoudh, hapa Maskati, nisikilizeni, na mwenye kijana anayejua kila kitu amwite asikilize naye.

Nyumba ya Bwana Sleiman ilikuwa nyumba ya raha. Ijumaa moja ya mwaka 2003 wamekwisha kula, baba yuko majlis na wageni, kahawa inazunguka, na ndani Thabit, mwanawe anayesoma chuo kikuu, ameikalia kompyuta. Alitaka kuiweka Linux pamoja na Windows, mtu achague mfumo anapoiwasha. Jambo zuri, mimi silipingi.

Dada yake, Hamdiya, ndiye aliyeinunua diski ya pili na kuigawa nusu kwa nusu. Nusu moja tupu, ya Thabit. Nusu nyengine imehifadhi sauti ya marehemu mama yao, Bi Zakiya. Mnaijua ada yetu ya zamani: mume katangulia Maskati, mke yuko Unguja, barua ni kaseti, na jibu hurikodiwa juu ya kaseti ile ile. Basi zilizosalimika zilikuwa chache. Hamdiya akazitia kwenye kompyuta, kisha kaseti zenyewe akazitoa sadaka madrasa zirikodiwe Qur-ani. Thabit alifiwa na mama bado ananyonya, masikini. Hakumjua ila kwa sauti ile.

"Ningoje nnakili kwenye sidii kwanza," Hamdiya alimwambia.

"Ah, dada! Mimi ndo nnaesoma kompyuta."

Haya, msomi! Linux ikamuuliza: utaigawa diski mwenyewe, au nijipangie? Kwa pupa akaiachia ijipangie. Ikafuta mipaka yote, ya kwake na ya mama. Ikauliza tena: niendelee kuiandaa upya?

Hapa ndipo nnapompenda kijana huyu. Wengine wangebonyeza, wakanyamaza, wakasingizia umeme. Thabit alizima mashine, akaenda majlis mbele ya wageni.

"Baba, nimemfuta mama."

Bwana Sleiman akamwita binti yake. Hamdiya akaja mbio kutoka jikoni.

"Umebonyeza kitu tena?"

"Sijagusa, dada."

"Alhamdulillahi. Umevunja kuta tu, vyombo bado vimo. Ungeendelea, ungevizika."

Akairudisha mipaka pale pale alipoiweka mwanzo, bila ya kuandaa upya chochote. Mwanamke yule ana utulivu, mashallah! Anapima, anahakikisha, ndipo anabonyeza. Mafaili yakatokea. Akafungua moja.

Mkwaruzo, kikohozi, kisha sauti ya mwanamke: "Hii inarikodi kweli?"

Bwana Sleiman alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Inarikodi, Mama Hamdiya," akajibu. "Sema tu."

FUNZO

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kabla hujaigawa diski, nakili kisichokuwa na badali, na umuulize aliyekiweka. Kuuliza si ujinga. Na ukishaharibu, usifiche ukazidisha. Ondoa mkono, nenda kaseme. Thabit alisema, akampata mama yake. Angenyamaza, angemzika mara ya pili.